Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha: Salio la Nafuu ya Kodi Lilipwe Mfanyakazi wa Mshahara Mdogo

Malindi,
Septemba 2025

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha na Mipango ya Kiuchumi,
Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa, Bunge la Taifa,
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: NAFUU YA KODI INAYOWAPOTEA WAFANYAKAZI WA MISHAHARA MIDOGO

Baada ya salamu na heshima zote, nawaandikia hadharani kwa sababu njia za faraghani zimefika mwisho. Mimi ni karani wa mishahara. Kazi yangu ni kuandaa hati za mishahara za wapishi, wahudumu, wafua nguo, watunza bustani na walinzi wa hoteli na nyumba za wageni hapa Malindi. Mimi na wenzangu tumeandika barua, tumepeleka hesabu zetu mkononi, tumesimama na kusema katika kikao cha kukusanya maoni ya wananchi. Tulichorudi nacho ni mihuri ya kupokelewa. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwafikishia wenye mamlaka malalamiko yake, na leo naitumia haki hiyo mbele ya kila msomaji.

Jambo lenyewe ni moja. Serikali humpa kila mlipa kodi nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, inayopunguzwa kwenye kodi ya mapato anayodaiwa. Mwenye mshahara mkubwa huitumia yote. Mwenye mshahara mdogo huitumia nusu au theluthi mbili, na kinachobaki, mwaka ukifungwa, kimekufa. Tunaomba kisife. Tunaomba salio hilo alipwe yeye, taslimu, kwa sababu anafanya kazi na kazi hiyo haimtoshi kuishi. Zipo nchi zilizofanya hivyo zamani, na zinauhesabu mpango huo kuwa sehemu ya hifadhi ya jamii kama zilivyo pensheni na bima.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Nafuu inapungua pale inapohitajika zaidi

Chukueni mhudumu wa vyumba anayelipwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Hapa kwetu huo si mshahara wa mtu wa chini kabisa. Wapo wengi walio chini yake. Kwa viwango vya mwaka 2025 NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 6, yaani 1,080. SHIF, bima ya afya ya jamii, inachukua asilimia 2.75, yaani 495. Ushuru wa nyumba, wa mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, ni asilimia 1.5, yaani 270. Jumla ni 1,845, na mkononi anabaki na 16,155. PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, kwa fedha hizo na kwa kiwango cha asilimia 10, ni shilingi 1,615 na senti 50. Nafuu yake ni 2,400. Kwa hiyo hadaiwi PAYE, na kwenye nafuu hiyo kuna salio la shilingi 784 na senti 50.

Salio hilo halimpunguzii SHIF. Halimpunguzii ushuru wa nyumba. Halirudi kwake.

Tukishuka hadi mtunza bustani wa shilingi 15,000, makato yake ni 1,537 na senti 50, na salio linalompotea ni 1,053 na senti 75. Kadiri mshahara unavyopungua ndivyo nafuu inayopotea inavyokuwa kubwa. Sheria iliyowekwa kumwinua mdogo inamwinua kwa kiasi kidogo zaidi kila anapozidi kuwa mdogo.

Niseme pia kilicho haki. NSSF ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Sina ugomvi nayo. SHIF ni bima, na anayeugua anaihitaji. Lakini kima cha chini cha SHIF ni shilingi 300, na maana yake ni kwamba kila anayepata chini ya takriban shilingi 10,900 anakatwa zaidi ya ile asilimia 2.75 anayokatwa meneja wake. Nao ushuru wa nyumba unaanza kwenye shilingi ya kwanza, bila kima cha kusamehewa, kwa mtu ambaye kodi ya chumba chake cha Maweni au Kisumu Ndogo tayari imemeza sehemu kubwa ya mshahara.

Tazameni tena hesabu ya 18,000. Anakatwa 1,845, salio tunaloliomba ni 784. Kwa kila mfanyakazi anayepata zaidi ya shilingi 12,500 hivi, kiasi tunachoomba arudishiwe ni kidogo kuliko kile alichokwisha kukatwa mwezi huo huo. Hatuombi sadaka kutoka mfukoni mwa mtu mwingine.

2. Nafuu mpya imewafaa waliojiweza

Tangu tarehe 27 Desemba 2024, SHIF na ushuru wa nyumba hutolewa kwenye mshahara kwanza, ndipo PAYE ihesabiwe kwa kilichobaki. Kwa mwenye shilingi 100,000 hilo ni jambo la maana: hukatwa SHIF 2,750 na ushuru wa nyumba 1,500, na kwa kuwa yuko katika ngazi ya asilimia 30, PAYE yake hupungua kwa shilingi 1,275 kila mwezi. Mhudumu wetu wa 18,000, ambaye PAYE yake ni sufuri, hapunguziwi hata ndururu. Analipa ushuru ule ule kwa kiwango kile kile, ila serikali inamsaidia mwenzake kuulipa na yeye haimsaidii. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Nawaombeni mnieleze haki hiyo iko wapi katika mistari hii miwili.

3. Si kweli kwamba asiyelipa PAYE halipi kodi

Neno hili tumeambiwa zaidi ya mara moja: "Huyo halipi kodi, atarudishiwa nini?" Analipa. Sabuni anayonunua ina VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Sukari ina VAT. Mafuta ya kupikia yana VAT. Unga wa mahindi hautozwi, na kwa hilo tunashukuru, lakini mtu hali unga mkavu. VAT ya petroli ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, na Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara ukapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Yote hayo yamo katika nauli ya tuktuk inayompeleka kazini Casuarina alfajiri. Akimtumia mamake pesa za matumizi kule Ganze kwa simu, ada ya kutuma ina ushuru wa asilimia 15.

Tena kodi hizi hazimuulizi anapata kiasi gani.

4. Mwaka wa Malindi hauna miezi kumi na miwili ya mshahara

Hapa ndipo sheria inapotuacha mbali zaidi, nami naomba nisikilizwe kwa makini, kwa maana mtu anayelipwa mwezi hadi mwezi katika ofisi ya Nairobi anaweza asilione kabisa.

Kazi zetu zinafuata pepo. Kaskazi inapovuma, tangu Desemba hadi Machi, wageni wapo, vyumba vimejaa, na mtu anaweza hata kufanya zamu mbili. Pasaka ikipita, masika inaingia. Kusi inachafua bahari, mashua za kuwapeleka watu kutazama samaki katika hifadhi ya bahari zinavutwa juu, hoteli nyingine hufungwa na kubakiza walinzi wawili watatu. Julai na Agosti Waitaliano hurudi kwa likizo zao na kazi hufufuka kidogo, kisha hunyauka tena hadi mwisho wa mwaka. Wengi wana mikataba ya msimu tu. Kaskazini mwetu, kutoka Gongoni hadi Marereni, vibarua wa mashamba ya chumvi wako katika hali hiyo hiyo: mvua ikinyesha hakuna chumvi ya kuvuna, na pasipo chumvi hakuna ujira. Lamu ni vivyo hivyo kwa wanaotegemea wageni wa Shela na mji wa kale.

Sasa tazameni jinsi kodi inavyomwona mtu wa namna hii. Chukueni mpishi mzoefu anayelipwa shilingi 36,000 kwa miezi mitano ya msimu, kisha hana mshahara hadi msimu mwingine. Kila mwezi NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba ni jumla ya 3,690. Kinachobaki ni 32,310, na juu yake anakatwa PAYE ya shilingi 2,077 na senti 50, baada ya nafuu. Kwa miezi mitano amelipa PAYE ya shilingi 10,387 na senti 50.

Lakini kodi ya mapato ni kodi ya mwaka. Kwa mwaka mzima mtu huyu amepata shilingi 180,000, sawa na 15,000 kwa mwezi. Ukiyatoa makato yake, kodi ya mwaka kwa kiwango cha asilimia 10 ni 16,155, na nafuu ya mwaka ni 28,800. Hadaiwi kitu. Zile shilingi 10,387 zilikatwa kwa kudhani kwamba ataendelea kulipwa 36,000 hadi Desemba, jambo ambalo kila mtu Malindi anajua halitokei.

Mtaniambia sheria inamruhusu kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yake ya mwaka, na kudai arudishiwe. Ni kweli, inamruhusu. Ila anahitaji fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi aliyokatwa mwaka mzima, kutoka kwa mwajiri ambaye amefunga lango hadi Julai. Anahitaji nywila ya akaunti aliyofunguliwa na kijana wa saiba, duka la intaneti, wakati akitafuta kazi, na namba ya simu aliyoitumia siku hizo huenda haiko tena. Anahitaji kulipa saiba. Na kabla ya hayo yote anahitaji kujua kwamba anadai. Nimewajazia ritani watu waliofanya kazi misimu mingi, wanaojua kupika kwa lugha tatu, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba fedha ile ilikuwa yao. Fedha ya namna hiyo huja, ikija, wakati masika imekwisha kupita, mtoto amekwisha kurudishwa nyumbani kwa karo, na deni la duka limekwisha kupanda.

Hapo bado sijaligusa salio. Nafuu ya mwaka ni 28,800, na mpishi huyu ameitumia 16,155 tu. Zinabaki shilingi 12,645. Zikigawanywa kwa miezi saba isiyo na kazi ni kama 1,800 kwa mwezi. Kwa nyumba ya Muyeye au Barani katikati ya Mei, fedha hiyo ni unga na mafuta ya mwezi.

5. Nafuu imesimama, makato yamekimbia

Nafuu ilipandishwa kutoka 1,408 hadi 2,400 mnamo Aprili 2020, wakati wa korona. Tuliipokea kwa shukrani. Tangu hapo haijaguswa.

Mhudumu wa shilingi 18,000 wakati ule alikatwa NSSF 200 na NHIF, bima ya afya iliyotangulia SHIF, 600, jumla 800. Leo, kwa mshahara ule ule, anakatwa 1,845. Nakiri kwamba SHIF yake ya 495 ni ndogo kuliko NHIF ya zamani. Kilichopanda ni NSSF, tangu viwango vipya vianze Februari 2023, na kilichoongezwa ni ushuru wa nyumba mwaka huo huo. Kwa hiyo hata mwajiri anayempandishia mfanyakazi shilingi elfu moja hufanya hivyo, na mfanyakazi asiione.

6. Hifadhi ya jamii inamruka anayefanya kazi

Inua Jamii inawalipa wazee waliofika miaka 70, yatima na watu wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni mpango mwema na ningependa uongezwe. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, ila mipango yetu inamchukulia mwenye kazi kama aliyekwisha kuokoka. Waulizeni watu wa hapa nani huwalisha wazee wale shilingi 2,000 zinapochelewa au zinapokwisha. Ni binti anayefua mashuka hotelini. Ni kijana anayelinda lango usiku. Mwenye kazi ya mshahara mdogo ndiye anayebeba ukoo, naye mwenyewe hana anayembeba.

Nimewasikia wanaosema kwamba fedha ya namna hii inafundisha uvivu. Mpango tunaoomba haumlipi asiyefanya kazi, unamwongezea anayefanya. Marekani, nchi isiyojulikana kwa ukarimu wa ruzuku, ilianza mpango wa aina hii mwaka 1975, na tangu hapo umepanuliwa chini ya marais wa vyama vyote viwili, akiwemo Reagan mwaka 1986 na Clinton mwaka 1993. Pale, nafuu huongezeka kadiri mtu anavyofanya kazi hadi kiwango fulani, hukaa palepale, kisha hupungua polepole kipato kinapopanda, na ikizidi kodi anayodaiwa, tofauti hulipwa taslimu. Kwa mwaka wa kodi wa 2024 mwenye watoto watatu au zaidi aliweza kupata hadi dola 7,830, ingawa asiye na mtoto hakuweza kuvuka dola 632. Korea Kusini ilianza kulipa yake mwaka 2009. Ufaransa ilianza mwaka 2001, na mwaka 2016 ikaubadili mpango wake ili ulipwe kila mwezi.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa. Mengine nimekwisha kuyasikia kwa masikio yangu.

Mtasema hazina ni tupu na madeni ni mengi. Ni mengi, na sisi ni miongoni mwa wanaoyalipa. Lakini Hazina yenyewe huchapisha kila mwaka ripoti ya kodi inazoziacha kupitia misamaha na nafuu mbalimbali, nazo ni mamia ya mabilioni ya shilingi. Misamaha hiyo haijawahi kusubiri hazina ijae. Tunaomba salio letu liingizwe katika ripoti hiyo na lipimwe pamoja na mengine: nani anapata nini, na nchi inanufaika vipi.

Mtasema hakuna mfumo wa kuwafikia watu hawa. Mfumo upo, mimi huujaza. Kila mwezi, kufikia tarehe 9, mwajiri hupeleka KRA, mamlaka ya kodi, orodha ya wafanyakazi wake, PIN (namba ya mlipa kodi) moja moja, mshahara mmoja mmoja. Serikali inajua kila aliye chini ya shilingi 24,000 katika orodha hizo, kwa senti. Mwajiri anaweza kumlipa mfanyakazi salio lake ndani ya mshahara na kulitoa katika jumla ya PAYE anayoipeleka. Hakuna ofisi mpya ya kufungua wala wakala wa kuajiri. Pale ambapo mwajiri ni mdogo na PAYE anayoipeleka haitoshi, KRA imlipe mfanyakazi moja kwa moja kwa simu.

Mtasema wengi wako nje ya orodha hizo. Hili ni kweli na linaniuma. Mama wa mahamri, kijana wa bodaboda, anayewauzia wageni vinyago ufukweni, mvuvi wa Ngomeni: hawa hawamo, na barua hii haijawatatulia shida yao. Hata hivyo leo mfanyakazi hana sababu yoyote ya kudai aandikwe rasmi, kwa kuwa kuandikwa kwake ni kukatwa tu. Waajiri wanalijua hilo na wanalitumia. Nimewaona wafanyakazi wakikubali kulipwa mkononi bila hati ili waokoe mia chache, na siku ya kuumia kazini hawana karatasi hata moja. Kukiwa na kitu cha kupata kwa kuandikwa, wao wenyewe watakuwa wa kwanza kuomba waandikwe.

Mtasema waajiri watapunguza mishahara, kwa kuwa serikali inajazia. Katika majibu yote hili ndilo lenye uzito, na wasomi wa Marekani wameliandikia sana kuhusu mpango wao. Uingereza ililiona mapema: tangu mwaka 1795, katika mfumo uliokuja kujulikana kwa jina la Speenhamland, parokia zilijazia ujira wa vibarua wa mashamba kulingana na bei ya mkate, na mfumo huo ukalaumiwa kwa kuwapa wenye mashamba sababu ya kuendelea kulipa kidogo. Nafuu bila kima cha chini cha mshahara kinachosimamiwa ni kutia maji katika mtungi uliotoboka. Kwa hiyo tunaomba vyote viwili. Amri ya mishahara ya 2022 ilimwekea kibarua wa kawaida wa Nairobi na Mombasa shilingi 15,201 na senti 65, na wa maeneo ya mwisho katika orodha shilingi 8,109 na senti 90, kisha mwaka 2024 ikaongezwa asilimia 6. Wakaguzi wa kazi wanaopita mahotelini na katika mashamba ya chumvi kuhakikisha hata viwango hivyo vinalipwa ni wachache mno. Mwajiri atakayepunguza mshahara kwa kisingizio cha nafuu apatikane na aadhibiwe. Orodha za KRA zitamwonyesha, kwa kuwa mshahara wa mwezi uliopita umo humo.

Mtasema watu watadanganya. Watakuwepo. Lakini jifunzeni kwa waliotangulia namna ya kuwashughulikia. Uingereza ilipoanza mpango wake mpya mwaka 2003, malipo yalikadiriwa kwa kipato cha mwaka uliopita, na familia nyingi maskini zikadaiwa kurudisha fedha zilizokwisha kuliwa. Mpango huo ulifungwa Aprili 2025, mahali pake pakachukuliwa na mwingine. Uholanzi ilifanya vibaya zaidi: maelfu ya wazazi waliopewa ruzuku ya malezi ya watoto walishutumiwa bure kuwa wadanganyifu, wakadaiwa fedha zisizolipika, na Januari 2021 serikali nzima ikajiuzulu kwa ajili hiyo. Ndiyo maana tunaomba malipo ya mwezi yanayotokana na mshahara wa mwezi huo huo, yasiyo na makadirio. Kosa likiwa la ofisi, ofisi ilibebe.

Kwa hayo yote, tunaomba yafuatayo:

(a) Sheria ya Kodi ya Mapato irekebishwe ili salio la nafuu ya kibinafsi lilipwe taslimu kwa kila mfanyakazi ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 24,000 kwa mwezi, kila mwezi, pamoja na mshahara.

(b) Kwa wafanyakazi wa msimu, KRA ifunge hesabu ya mwaka yenyewe kwa kutumia orodha ambazo waajiri wamekwisha kupeleka, na irudishe PAYE iliyozidi bila kumtaka mfanyakazi awasilishe dai. Ikiwezekana, mkataba wa msimu uruhusu mwajiri kuhesabu kodi kwa kipato cha mwaka tangu mwanzo, fedha isikatwe ndipo irudishwe.

(c) Ushuru wa nyumba uwe na kima cha kusamehewa, na kima cha chini cha SHIF kiondolewe kwa walioajiriwa, walipe asilimia ile ile wanayolipa wengine.

(d) Nafuu ya 2,400 ipitiwe kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei unaotangazwa na Shirika la Takwimu la Taifa, na badiliko lolote la makato ya lazima lipelekwe Bungeni likiwa na hesabu inayoonyesha athari yake kwa mwenye 15,000, mwenye 24,000 na mwenye 100,000, safu kwa safu.

(e) Gharama ya pendekezo la (a) na (b) ipigwe na Hazina na ichapishwe. Hesabu tulizoambatisha katika barua zetu za awali ziko tayari kukaguliwa. Kama zina kosa, tuonyesheni mahali lilipo.

Hazina imekwisha kuanza matayarisho ya bajeti ijayo, na sheria inataka Taarifa ya Sera ya Bajeti ifike Bungeni kufikia tarehe 15 Februari 2026. Tunaomba mapendekezo haya yawemo ndani yake. Ikiwa hayatakuwemo, tunaomba jibu la maandishi, lenye sababu moja moja, kabla ya siku hiyo. Tunaomba pia Kamati ifanye kikao kimoja cha kusikiliza maoni hapa Malindi na kimoja Lamu, jioni, baada ya saa za kazi, ili wanaozungumziwa waweze kuja kujisemea. Hati za mishahara watakuja nazo.

Wenu mwaminifu,

Karani wa mishahara,
Shela, Malindi.

Nakala:
Wabunge wa Malindi na Magarini
Seneta wa Kaunti ya Kilifi
Wabunge wa Lamu Mashariki na Lamu Magharibi